Siku Moja Ndani ya Kuta za Mvita

Muulize mkazi wa Nairobi aliyerudi juzi kutoka Mombasa alikwenda wapi, atakutajia Nyali, Bamburi, Diani na hoteli aliyolala. Mji wa Kale ataukumbuka kwa mbali: alipelekwa Fort Jesus na walimu wake akiwa shule ya msingi, akakalia mzinga, akapigwa picha, akarudishwa kwenye basi. Jambo hili linaniuma. Sisi wa Nairobi hatuna haki ya kukifanya kisiwa kile kuwa mahali pa kuota jua tu, maana jiji letu lilizaliwa na reli iliyoanzia huko. Kazi ya kutandaza reli ilianza Mombasa mwaka 1896. Mwishoni mwa Mei 1899 mataruma yalifika kwenye kinamasi hiki chetu, wahandisi wakapiga kambi kabla ya kuukabili mteremko wa Bonde la Ufa, na kambi hiyo ndiyo leo tunayoiita mji mkuu. Mombasa wakati huo ilikuwa tayari mji mkongwe. Ibn Battuta alipita pale mwaka 1331, akakuta misikiti, ndizi na ndimu, na watu wanaotembea pekupeku wakiosha miguu kwa maji ya kisima kabla ya kuingia kuswali.

Kwa hiyo mpwa wangu alipomaliza kidato cha nne na kuniambia, “Mjomba, nipeleke Mombasa,” nilimwekea sharti: tutakwenda na kurudi kwa treni ndani ya siku moja, na ufuoni hatutakanyaga. Aliguna, lakini alikubali.

Ratiba inaruhusu. Treni ya usiku huondoka Syokimau, stesheni ya Nairobi, saa nne na kufika Miritini, stesheni ya Mombasa, kabla ya alfajiri, na ile ya mchana huondoka Miritini saa tisa kurudi Nairobi. Katikati hapo unapata asubuhi nzima na adhuhuri yake. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Awali ilikuwa 1,000. Unalipa kwa M-Pesa, unabeba kitambulisho, unafika mapema kwa sababu mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa, na unavaa sweta, kwa kuwa kiyoyozi cha treni usiku hakina huruma. Viti vinatazamana, kwa hiyo utafanya urafiki na magoti ya mtu usiyemjua. Nje hakuna unachokiona ila giza na taa za stesheni: Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi. Wengi hulala. Mimi sikulala, na sikujuta, kwa sababu kuna raha ya pekee katika kuhisi hewa ikibadilika kila mlango unapofunguliwa, baridi ya Kapiti ikigeuka polepole kuwa joto zito lenye chumvi.

Kutoka Miritini hadi kisiwani ni mwendo wa gari kupitia Changamwe na Makupa, na saa ile barabara ilikuwa wazi. Adhana ya alfajiri ilitukuta tumeshashuka. Huo ndio wakati wa kuingia Mji wa Kale. Saa nne asubuhi utakuta pikipiki, watalii na waongozaji wanaokuvuta mkono. Alfajiri utakuta mji uko na wenyewe. Wanaume wanatoka msikitini na kanzu zao, mama mmoja anafagia mbele ya mlango wake, na harufu ya mahamri inatoka dirishani. Tulinunua mahamri na mbaazi za nazi, tukala tumesimama. Mpwa wangu, ambaye nyumbani kiamsha kinywa hakimhusu, aliongeza sahani ya pili.

Misikiti ya mji huu haijitangazi. Wa Mandhry, ambao hutajwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, una mnara mweupe ulionenepa chini na kuchongoka juu, umesimama pembeni ya Bandari ya Kale. Ungepita hatua kadhaa bila kuutazama kama hukuambiwa. Bandari yenyewe sasa ina vyombo vichache. Zamani majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, mabaharia wakakaa wakingoja kusi iwarudishe kwao. Miezi ile ya kungoja ndiyo iliyojenga mji. Mtu akingojea upepo hupanga chumba, hukopa, huoa, huzaa, hujifunza lugha.

Kwenye baraza moja upande wa Kibokoni palikuwa na mzee anakunywa kahawa chungu. Tulimwamkia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mwatoka bara?”

“Twatoka Nairobi, tumeingia na treni ya usiku.”

“Karibuni. Na huyu kijana ni mwanao?”

“Ni mpwa wangu. Nataka aujue mji.”

Akamwita muuza kahawa atupe vikombe, akanyoosha mkono kuonyesha uwanja mdogo uliojaa vifusi. “Basi mwanzie pale ilipoanguka nyumba,” akasema. “Nyumba iliyosimama itakuonyesha mlango tu. Iliyoanguka yaonyesha ilivyoumbwa.”

Sijawahi kupewa ushauri bora wa kutazama mji. Tulikwenda. Nusu ya ukuta ilikuwa imebaki, na ndani yake ungeweza kusoma kila kitu. Mawe ya matumbawe, makubwa kwa madogo, yamelazwa ndani ya chokaa bila kuchongwa yakawa sawa, kisha yakapigwa lipu nje na ndani. Chokaa yenyewe ni matumbawe vilevile: mafundi walipanga rundo kubwa la magogo, wakaweka matumbawe juu, wakachoma mpaka jiwe likawa unga. Kwa hiyo jiwe na kinachoshika jiwe vyote vimetoka katika mwamba uleule ambao bahari iliujenga. Tumbawe linalotolewa chini ya maji likiwa bado bichi ni laini, fundi hulikata na kulichonga nakshi za mihrabu na miimo ya milango. Likikaa hewani hukauka na kuwa gumu. Hapa kuna elimu ambayo haikutoka Lisbon wala Muscat. Ni watu wa pwani hii walioijua bahari yao vizuri hata wakajua saa ambayo jiwe linakubali kisu.

Juu ya ukuta ule zilikuwa zimetokeza ncha za boriti za mikoko. Mpwa wangu aliuliza kwa nini vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Jibu lilikuwa mbele yake. Dari nzito ya mawe na chokaa hubebwa na boriti, na mkoko hautoi boriti ndefu, kwa hiyo upana wa chumba huishia karibu mita tatu hata mwenye nyumba angekuwa tajiri namna gani. Akitaka nafasi zaidi huongeza chumba kingine nyuma ya kile cha kwanza, kisha kingine, na ndivyo ndani ya nyumba pakawa na faragha inayozidi kadiri unavyoingia. Roshani za mbao zinazopigwa picha sana kule mtaa wa Ndia Kuu nyingi ni za karne ya 19 na baada yake, na mkono wa mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi unaonekana waziwazi. Mji huu haukuwahi kukataa kujifunza.

Na mabaraza yale yana umri mkubwa kuliko ngome ya Fort Jesus. Agosti 1505 Mreno Francisco de Almeida alipoivamia Mombasa kwa merikebu zake, alikuwamo Mjerumani mmoja aliyeandika alichokiona. Mji, anasema, ulikuwa na nyumba za mawe zilizopakwa chokaa, nyingine za ghorofa. Upande wa nchi kavu ulikuwa na ukuta. Njia zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawakuweza kupita sambamba, na mbele ya nyumba palikuwa na viti vya mawe vilivyozidi kuzibana njia. Nilimsomea mpwa wangu maelezo hayo tukiwa tumekaa juu ya kiti kama hicho, katika njia kama hiyo, na nilitetemeka kidogo. Watu wa mji waliwapiga wavamizi kwa mawe kutoka juu ya mapaa, njia zenyewe zikawa silaha yao. Hata hivyo mji ulichomwa na kuporwa, na sultani wa Mombasa alimwandikia mwenzake wa Malindi barua akimweleza kwamba hakusazwa mume wala mke, mzee wala mtoto. Kisha watu wakarudi, wakajenga tena palepale, kwa jiwe lilelile, na viti vya mawe wakaviweka tena mbele ya milango. Ukuta wa mji haupo leo. Baraza lipo.

Ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi, na tulikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia. Ilijengwa kuanzia 1593 hadi 1596 kwa amri ya mfalme aliyetawala Hispania na Ureno kwa pamoja. Ramani ilichorwa na Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Mafundi waashi walitoka Goa na vibarua wakaletwa kutoka Malindi. Msingi wake ni mwamba wa matumbawe uliokatwa papo hapo, kiasi kwamba mahali pengine huwezi kusema jabali limeishia wapi na kazi ya mkono imeanzia wapi. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Chini yake, upande wa bahari, umejengwa ukuta mpya wa kuzuia mawimbi, kwa sababu bahari ilikuwa inaula mwamba.

Ukitaka kuelewa ngome hii, usianze na mizinga. Tafuta michoro ambayo mabaharia wa Kireno waliiacha ukutani kwa mkaa na rangi nyekundu: merikebu, samaki, watu. Ni vijana waliokuwa mbali na kwao, wamechoshwa na joto, wanachora wanachokikumbuka. Halafu nenda kwenye vyombo vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa.

Kuzingirwa huko ndiko nilikotaka mpwa wangu akusikie. Waomani waliizunguka ngome Machi 1696, wakaichukua Desemba 1698. Miezi 33. Vitabu vya shule huliweka jambo hilo katika sentensi moja: Wareno walishindwa, Waarabu wakashinda. Lakini katikati ya mwaka 1697 maradhi yalikuwa yamewamaliza Wareno ndani ya kuta hizi, kapteni wao miongoni mwao. Ngome haikuanguka siku ile. Aliyeishika alikuwa Daudi wa Faza, mtu wa kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake 17, wanaume Waafrika wanane na wanawake Waafrika wapatao 50. Wiki kadhaa, mpaka msaada ulipofika kutoka baharini, ngome kubwa kuliko zote za pwani hii ilikuwa mikononi mwa Mswahili mmoja, wanaume wachache na wanawake hamsini.

Soma tena idadi hiyo. Wanawake hamsini juu ya kuta, na jeshi la Oman chini. Bila shaka walipanda ngazi hizi kwa zamu, wakabeba maji, wakazika maiti, wakalinda usiku. Juu ya lango kuna maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe, yanayotaja mwaka 1635, ambamo kapteni Mreno anajisifu kwa kuikarabati ngome na kuwatisha wafalme wa pwani. Yeye ana jina, cheo na jiwe. Wanawake hamsini hawana hata ubao wa mbao. Nasema hapa waziwazi: wanastahili maandishi makubwa langoni, mahali ambapo kila mtoto wa shule atayaona kabla hajafika kwenye mizinga.

Mpwa wangu alipinga, na alikuwa na hoja. “Lakini, Mjomba, si walikuwa wanawapigania Wareno?” Walikuwa upande wao, ni kweli. Faza ilikuwa na uhasama wake na mji wa Pate, na Pate ilikuwa upande wa Waomani, kwa hiyo Daudi alipiga vita vya kwao ndani ya kuta za mgeni. Kuhusu wanawake wale hakuna aliyeuliza walitaka nini. Historia ya pwani haigawanyiki katika wenyeji na wageni kwa kisu kimoja, na anayekuja Mombasa akitafuta upande mmoja wa kushangilia ataondoka bila kuuelewa mji.

Ndipo tukafika kwa Yusuf bin Hassan. Baba yake, Sultan Hassan, alikosana na Wareno akauawa bara mwaka 1614. Mtoto alipelekwa Goa, akasomeshwa, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa Mombasa kuwa sultani wa kutii amri. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudi kwenye Uislamu na kwenye jina lake. Wareno walileta jeshi mwaka uliofuata kuirudisha ngome wakashindwa. Yeye mwenyewe baadaye aliiacha, akapanda chombo akaondoka zake baharini. Kijana wangu alisimama kimya kati ya ua akiitazama njia ambayo sultani yule lazima aliipita, halafu akasema, “Huyu ndiye shujaa.” Sikumjibu papo hapo.

Yaliyofuata baadaye nilimweleza kwa haraka tukipita kwenye Nyumba ya Waomani: Wamazrui waliotawala mpaka 1837, Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar, baada yao, kisha Waingereza walioigeuza ngome kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar iliendelea kupepea hapa mpaka mwaka 1963, kwa sababu ukanda wa pwani kisheria ulikuwa wake. Vijana wa Nairobi wengi hawalijui hilo, na bila kulijua huwezi kuelewa kwa nini mtu wa pwani akizungumzia ardhi huzungumza kwa uchungu ule.

Saa zilizobaki zilikwenda upesi. Marikiti tulinunua iliki na karafuu kwa ajili ya dada yangu, Biashara Street tukamchagulia leso, tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukachukua mabuyu ya njiani. Saa nane tulikuwa Miritini tena, mizigo chini, mbwa wakinusa.

Treni ya mchana ndiyo inayokulipa kwa giza la usiku. Baada ya Mariakani minazi inakwisha, nchi inakuwa nyekundu, na Tsavo inafunguka pande zote mbili. Reli mpya imeinuliwa juu ya tuta na madaraja ili wanyama wapite chini, na tuliwaona ndovu wakiwa na rangi ya udongo wanaojipaka. Hapa kwenye mto Tsavo mwaka 1898 simba wawili walisimamisha ujenzi wa daraja kwa miezi kadhaa, wakiwala wafanyakazi waliotoka Bara Hindi. Simba wale wamewekwa katika jumba la makumbusho huko Chicago. Wafanyakazi wapatao 2,500 walikufa katika ujenzi wa reli ile nzima, wengi kwa maradhi na ajali. Reli ya zamani bado unaiona mahali pengine kandokando ya hii mpya, nyembamba, upana wa mita moja tu.

Kuanzia Voi mpaka jua lilipozama tulibishana kuhusu Yusuf. Mpwa wangu anasema mtoto aliyeuliwa baba yake, akanyang'anywa dini na jina, hakuwa na njia nyingine. Mimi nilimkumbusha kwamba siku ile hawakufa askari peke yao: waliuawa mapadri, wake za Wareno, watoto, na Waafrika waliokuwa Wakristo na hawakukubali kuiacha imani yao. Akasema Wareno walifanya mabaya zaidi mwaka 1505. Nikamwambia kweli, na watoto wa 1631 hawakuwako. Abiria aliyetutazama, mama wa makamo aliyekuwa akirudi Kibwezi, aliingilia kati: kwake yeye kosa kubwa la Yusuf ni kuuacha mji alioupigania, akawaachia wengine kisasi. Hilo hatukuwa tumelifikiria hata kidogo, na likaanzisha mjadala upya.

Mama yule aliposhuka tuliendelea wawili. Athi River mpwa wangu bado alikuwa hajakubali, na mimi pia. Nimemwomba aandike hoja zake zote, na ya yule mama nayo aiweke. Akimaliza nitazichapisha hapa kama zilivyo, bila kukata neno.